Ufa Kwenye Mlango wa Gari: Urekebishwe Kabla Haujaleta Maafa

Wenye magari, madereva wa matatu na mafundi wa jua kali katika Kaunti ya Kilifi wanahimizwa kukagua bati linaloshikilia loki za milango ya magari yao. Ufa mdogo mahali hapo huonekana kama dosari ya sura tu. Hata hivyo, mlango unaoshikwa na bati lililopasuka unaweza kufunguka gari likiwa mbioni, hata kama loki yenyewe ni nzima. Makala haya yanaeleza chanzo cha ufa huo, jinsi unavyotambuliwa, unavyochomelewa ipasavyo, na wakati ambapo kuchomelea hakufai tena.

Sehemu inayozungumziwa

Mlango wa gari ukifunguliwa, ukingo wake ulio mbali na bawaba huonyesha uwazi mdogo na vichwa vya skrubu, mara nyingi vitatu. Skrubu hizo ndizo zinazoibana loki kwa upande wa ndani wa bati. Kwenye nguzo ya gari inayotazamana nayo kuna kitanzi cha chuma ambacho mafundi hukiita straika. Mlango unapofungwa, ulimi wa loki wenye umbo la uma huzunguka na kukikumbatia kitanzi hicho.

Loki hufunga kwa hatua mbili. Mlio wa kwanza una maana kwamba mlango umeshikwa nusu, na wa pili kwamba umefungwa kikamilifu. Tofauti ya hatua hizo ni kubwa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 11, inayohusu loki na bawaba za milango ya magari, inataka loki iliyofungwa kikamilifu ihimili nguvu ya takriban newtoni 11,000 katika mojawapo ya majaribio yake. Hiyo ni karibu sawa na uzito wa kilo 1,100. Loki iliyoshika nusu hutakiwa kuhimili takriban newtoni 4,500 pekee.

Nguvu hiyo yote lazima ipite kwenye bati linaloishikilia loki. Bati la milango mingi huwa na unene usiofika milimita 1, ingawa watengenezaji huliongezea kipande cha kulitia nguvu karibu na loki. Bati hilo likipasuka, loki hubaki imelishika straika barabara huku mlango wenyewe ukiiachia loki.

Ufa hutokana na nini

Waya ukipindwa mara nyingi huku na huku mwishowe hukatika, ingawa hakuna pindo hata moja lililokuwa na nguvu ya kuukata. Bati la mlango hupasuka vivyo hivyo. Kila mlango unapofungwa, bati hupinda kidogo sana. Likizidishiwa mzigo, ufa huanzia kwenye tundu la skrubu au kwenye kona ya uwazi wa loki, kisha husogea kidogo kidogo.

Sababu zinazozidisha mzigo huo ni hizi:

Bawaba zilizokwisha. Pini na bushi zake zikilika, mlango hulala. Loki hugonga straika kabla ya kuingia, na kila mlango unapofungwa, straika huuinua mlango mzima kupitia bati hilo jembamba.

Skrubu zilizolegea. Loki inayocheza huligonga bati kila tairi linapoingia kwenye shimo. Gari linalopita kila siku kwenye barabara za vumbi za Ganze au Magarini hupata mtikisiko mwingi kuliko linalokaa kwenye lami.

Kubamiza mlango. Abiria wengi hubamiza mlango kwa sababu haukufunga mara ya kwanza. Mlango unaohitaji kubamizwa tayari una hitilafu, na kila kishindo huuongeza ufa.

Kutu. Hewa ya chumvi ya Pwani hula chuma haraka. Maji ya mvua yanayoteremka kando ya kioo hutakiwa kutoka kupitia vitundu vilivyo chini ya mlango. Vitundu hivyo vikizibwa na matope au rangi, unyevu hubaki ndani na bati hulika kutoka upande usioonekana.

Kwa hiyo, kuchomelea ufa bila kuondoa sababu yake ni kazi ya bure. Chukua mfano wa pikapu inayobeba nazi kutoka Kaloleni hadi soko la Kongowea. Mlango wa dereva hufunguliwa na kufungwa mara nyingi kwa siku. Iwapo fundi atauchomelea ufa na kuziacha bawaba zilizolegea, mlango utaendelea kuinuliwa na straika kila unapofungwa, na bati litapasuka tena pembeni mwa kiraka, pale linapobadilika kutoka nene kuwa jembamba.

Ukaguzi ambao mwenye gari anaweza kuufanya

Ukaguzi huu hauhitaji zaidi ya bisibisi, tochi na kitambaa.

1. Afungue mlango na kuufuta ukingo wake kwa kitambaa. Atazame kwa tochi kila tundu la skrubu na kila kona ya uwazi wa loki. Mstari mwembamba wa kutu, au rangi iliyobanduka kwa mstari, mara nyingi ni ufa.

2. Abonyeze loki kwa kidole gumba. Bati likibonyea au likitoa mlio, lina ufa au skrubu zimelegea.

3. Aushike mlango uliofunguliwa kwenye ncha yake na kujaribu kuuinua. Ukicheza juu na chini, bawaba zimekwisha.

4. Mlango ukiwa wazi, ausukume ulimi wa loki kwa bisibisi. Unapaswa kutoa milio miwili na kubaki umefunga. Kisha avute mkono wa mlango ili ulimi urudi. Mlango usifungwe kabla ulimi haujarudi, kwa kuwa utaligonga straika na kuharibu zaidi.

5. Aufunge mlango polepole na kutazama iwapo unapanda au kushuka unapokutana na straika. Mlango mzima huingia moja kwa moja.

Ufa ukipatikana, abiria asikalishwe kando ya mlango huo hadi urekebishwe, na kila aliye ndani ya gari afunge mshipi. Mlango ukifunguka safarini, dereva apunguze mwendo taratibu na kusimama mahali salama. Asijaribu kuudaka kwa mkono mmoja gari likiwa linakwenda, kwani wapo wanaopoteza usukani kwa njia hiyo.

Kutayarisha mlango

Kazi huanza kwa usalama. Terminali hasi ya betri hutolewa ili umeme wa mashine ya kuchomelea usiharibu vifaa vya gari. Gari lenye mifuko ya hewa ya pembeni huachwa kwa dakika kadhaa baada ya betri kutolewa, kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, kabla ya fundi kugusa nyaya za mlango.

Baada ya hapo kava ya ndani hutolewa, pamoja na karatasi ya nailoni iliyo nyuma yake, loki, na vijiti au kebo zake. Ni vyema kupiga picha kwa simu kabla ya kila kitu kutolewa, kwa sababu kijiti kikirudishwa kinyume loki haitafunguka. Mpira wa mlango ulio karibu pia hutolewa. Kioo hupandishwa juu na kufunikwa kwa gunia lililoloweshwa, kwa sababu cheche za grainda hukitia madoa yasiyofutika. Viti navyo hufunikwa. Kizimamoto au ndoo ya mchanga iwekwe karibu.

Rangi huondolewa hadi chuma king'ae, sentimita kadhaa kuuzunguka ufa. Kuna njia ya zamani na rahisi ya kuona mwisho wa ufa. Fundi hupaka mafuta ya taa kidogo, hungoja yaingie, huyafuta kabisa, kisha hupaka unga wa chaki. Baada ya muda mafuta yaliyobaki ndani ya ufa hulowesha chaki na kuchora mstari. Mara nyingi mstari huo huwa mrefu kuliko ulioonekana kwa macho. Baada ya kuuwekea alama, mafuta yote husafishwa na chuma huachwa kikauke kabisa kabla ya moto wowote.

Kuchomelea hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kunyoosha. Bati lililovutwa na loki huwa limebinuka kuelekea nje. Fundi hulirudisha kwa nyundo nyepesi huku akikinga upande wa pili kwa kipande cha chuma, hadi kingo za ufa zikutane bila kulazimishwa. Loki hurudishwa kwa muda ili kuthibitisha kwamba matundu ya skrubu yamelingana nayo.

Hatua ya pili ni kuuzuia ufa. Katika kila ncha ya ufa hutobolewa kitundu cha kama milimita 3, mbele kidogo ya mahali mstari unapoishia. Ncha kali ya ufa hukusanya nguvu zote mahali pamoja, na ndiyo maana husonga mbele. Kitundu cha mviringo huzitawanya nguvu hizo. Fundi akiruka hatua hii na kukosa kuifikia ncha, ufa utaendelea kutembea chini ya rangi mpya.

Hatua ya tatu ni kuchomelea ufa wenyewe. Kifaa kinachofaa zaidi ni mashine ya MIG yenye waya mwembamba wa milimita 0.6 au 0.8 na gesi ya kukinga. Mashine ya fimbo inayotumiwa kutengeneza mageti na madirisha ina moto mkali mno kwa bati hili na hulitoboa. Gesi ya oksijeni na asetilini hufanya kazi mikononi mwa fundi hodari, lakini hueneza joto mbali na kulikunja bati.

Mshono haupigwi kwa mkupuo mmoja. Fundi huweka tone moja kwa muda wa kama sekunde moja, huhamia upande mwingine wa ufa na kuweka jingine, kisha hungoja bati lipoe. Matone huendelea kujazwa hadi yaungane. Bati halipozwi kwa maji. Nyuma ya mshono hushikiliwa kipande cha shaba nyekundu, ambacho hufyonza joto na kuzuia chuma kilichoyeyuka kisidondoke. Chuma hakishikamani na shaba hiyo, kwa hivyo kipande hutoka kwa urahisi. Vitundu vya ncha huzibwa kwa njia hiyo hiyo.

Hatua ya nne ni kiraka cha kutia nguvu. Mshono peke yake haufai kuachwa mahali palipokwisha kushindwa mara moja. Fundi hukata kielelezo cha katoni, kisha hukata bati la chuma laini lenye unene wa kama milimita 1 hadi 1.2. Kiraka hupita mwisho wa ufa kwa angalau sentimita 2.5 kila upande na, penye nafasi, hupindwa kikashike pia ubavu wa ndani wa mlango. Kona zake huviringwa, kwa sababu kona kali huanzisha ufa mpya.

Kiraka huwekwa upande wa ndani. Kikiwekwa nje, hupunguza nafasi kati ya mlango na nguzo, na mlango unaweza kusugua. Jambo ambalo mafundi wengi hulisahau ni kwamba vichwa vya skrubu za loki hukaa ndani ya vishimo vilivyobonyezwa kwenye bati. Matundu ya kiraka lazima yabonyezwe vivyo hivyo, la sivyo kiraka hakitalala vizuri, vichwa vitatokeza, na skrubu zitalegea baada ya siku chache.

Kabla ya kiraka kufungwa, pande zitakazokutana hupakwa praima ya zinki inayostahimili moto wa kuchomelea. Moshi wa zinki ni sumu, kwa hivyo kazi ifanyike mahali penye hewa na fundi avae barakoa inayofaa. Kiraka hushikwa kwa klampu, kisha huchomelewa kupitia matundu ya kama milimita 6 yaliyotobolewa ndani yake, tundu moja kila sentimita 3 hivi, hadi matundu yajae. Njia hii huiga vishono vya kiwandani na haipashi ukingo mzima joto.

Hatua ya tano ni kusafisha na kukinga. Mshono husawazishwa kwa grainda, lakini bati la asili lisipunguzwe. Praima hupakwa pande zote mbili, maungio hupakwa silanti, kisha hufuata rangi. Ndani ya mlango hupuliziwa nta ya kuzuia kutu na vitundu vya maji huzibuliwa. Pati ya kusawazisha ifunike mikwaruzo midogo pekee. Haina uwezo wowote wa kubeba mzigo.

Kurudisha na kupima

Bawaba zilizokwisha hurekebishwa kwanza. Kisha loki hurudishwa kwa skrubu zenye nyuzi nzima, zikatiwa gundi ya kuzuia kulegea. Kwa kuwa kiraka kimeisogeza loki mbali na nguzo kwa unene wake, straika huwekewa washa nyembamba ya unene huo huo nyuma yake ili ulimi ulishike kama zamani.

Kabla ya mlango kufungwa kwa mara ya kwanza, loki hujaribiwa kwa bisibisi mlango ukiwa wazi. Milio miwili isikike, na mikono yote miwili, wa ndani na wa nje, iufungue ulimi. Baadaye mlango hufungwa taratibu na straika husogezwa juu, chini, ndani au nje hadi mlango uingie bila kupanda. Kazi iliyofaulu hujulikana kwa mlango unaofunga kwa msukumo mmoja wa kawaida. Skrubu zikaguliwe tena baada ya wiki moja ya kazi.

Yasiyofaa kufanywa

Kuziba ufa kwa pati na kuupaka rangi ni kuuficha tu. Ribiti peke yake hulegea kwa mtikisiko. Kufunga mlango kwa waya au kamba, au kuichomelea loki ibaki imefunga, huwazuia abiria kutoka na waokoaji kuingia wakati wa ajali au moto.

Mlango wa kuteleza wa matatu unahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hushikwa na reli na roli pamoja na loki yake. Roli zikilika, mlango hulala na kulivuta bati la loki kama ilivyo kwa bawaba zilizokwisha. Magari ya uchukuzi wa umma hukaguliwa na NTSA kila mwaka, lakini ufa unaoanza mwezi mmoja baada ya ukaguzi hautangoja mwaka mwingine. Makanga anayeufungua na kuufunga mlango huo siku nzima ndiye wa kwanza kuhisi mabadiliko, na anapaswa kusikilizwa.

Wakati wa kutafuta mlango mwingine

Kuchomelea hakufai ikiwa matundu mawili ya skrubu yameunganishwa na ufa, ikiwa kipande cha ndani cha kutia nguvu kimeliwa na kutu, ikiwa ufa umefika upande wa bawaba, au ikiwa mahali hapo paliwahi kuchomelewa na pakapasuka tena. Mlango uliotumika wa gari la aina hiyo hiyo huwa nafuu kuliko kurudia kazi. Kabla ya kuununua, ukaguzi ulioelezwa hapo juu ufanywe pia kwenye mlango huo.

Maswali ya kumuuliza fundi

Mwenye gari ana haki ya kujua anacholipia. Amuulize fundi ni nini kilichosababisha ufa, atatumia mashine gani, ataweka kiraka cha unene gani na upande upi, na ataikinga vipi sehemu ya ndani dhidi ya kutu. Muhimu zaidi, aombe kuiona kazi, au kutumiwa picha yake, kabla haijapakwa rangi. Fundi mwaminifu hana sababu ya kukataa, kwa kuwa picha hiyo humlinda na yeye.

Vijana wanaotaka kuisomea kazi hii wanaweza kuulizia mafunzo katika vyuo vya ufundi vya mashinani, ambavyo Katiba ya 2010 iliviweka chini ya serikali za kaunti. Mafundi waliojifunzia kazini nao wanaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, unaoanzia daraja la tatu hadi la kwanza, na kupata cheti kinachotambulika kote nchini.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenye magari wanashauriwa kuukagua ukingo wa kila mlango kila gari linapofanyiwa savisi, na mara moja mlango unapoanza kuhitaji kubamizwa ndipo ufunge.